Mfiwa Hashiki Dumu

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule ya kata iliyo kati ya Mombo na Mazinde. Ukitoka nje ya darasa langu unaona mkonge mbele na milima nyuma. Huu ni mwaka wa kumi na nne nafundisha, na kwa miaka kumi na mitatu nilifundisha vitenzi visaidizi kama nilivyofundishwa mimi, yaani kwa wimbo. Viko ishirini na vitatu. Darasa zima linavitaja kwa pumzi moja huku linagonga madawati, kuanzia "am, is, are" mpaka mwisho, na mtu akipita barabarani atadhani hapa kuna wasomi kwelikweli. Kisha unawaambia wafungue madaftari waandike swali moja tu, uliza kama mtu alikwenda, na nusu ya darasa inakuandikia "Did you went?"

Nilikuwa nakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wala sifichi, na wanafunzi wangu wanajua kwamba nikivua miwani watafute pa kukimbilia. Hilo "went" nililizungushia duara jekundu mpaka karatasi ikatoboka. Niliwaambia kila mwaka kwamba "did" imeshabeba wakati uliopita, basi kitenzi kikuu hakibebi tena, kinarudi kuwa kitupu, "go". Wananiitikia "Yes, madam" kwa sauti nzuri kabisa. Kesho yake ni "Did you went" ileile, kwa mwandiko safi zaidi.

Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa naelewa. Kanuni nilikuwa nayo, na nilifaulu mitihani kwa kanuni hiyo, lakini kama ungeniuliza kwa nini kitenzi kikuu kiachwe kitupu wakati kina nguvu zake, ningekuambia ndivyo Waingereza walivyopanga. Bahati nzuri hakuna aliyeniuliza.

Baba alifariki siku ya Jumanne, nikiwa darasani. Mama alinipigia simu kutoka nyumbani Kwedizinga, akasema maneno mawili, nikaweka chaki chini. Nilipanda basi la kwanza lililosimama, nikabadilisha Korogwe, nikashuka upande wa Handeni na kumalizia kwa bodaboda. Nilimkuta hajatolewa ndani. Wanaume walimzika alasiri ileile, sisi wanawake tukabaki kwenye mikeka.

Niseme kidogo juu ya baba, kwa sababu ndiye aliyenifanya niwe mwalimu. Hakuwa msomi. Alilima mahindi na mihogo, na alikuwa na michungwa sita ambayo aliijua kwa tabia, huu mchoyo, huu una haraka. Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni, alinibebea sanduku la bati kichwani kutoka nyumbani hadi barabarani, mwendo wa saa mbili. Kila nilipotaka kumpokea alikataa. Alisema, "Mimi nimebeba. Wewe nenda tu." Aliyasema hayo kila muhula kwa miaka minne. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na nadhani alikuwa anaogopa kwamba nikishika sanduku nitaona lilivyo zito, nirudi nyumbani.

Basi tulikuwa matangani. Mwaka huu pampu ya kisima cha kijiji ilikuwa imekufa, na maji yalikuwa yanatekwa kwenye lambo, bwawa la maji ya mvua, saa nzima kwenda na zaidi ya saa nzima kurudi na mzigo. Msiba unakula maji kuliko harusi. Wanawake wa kitongoji walikuwa wanaondoka alfajiri na madumu na kurudi jua likiwa limeshapanda, mstari mmoja, kila mmoja na dumu lake la lita ishirini kichwani. Mbele yao alikuwa jirani yetu ambaye mimi namwita mama mkubwa, ingawa si ndugu wa damu. Ndiye anayewaongoza akina mama wa pale kwenye misiba na harusi, na ndiye aliyenifundisha kujitwisha maji nikiwa mdogo. Siku hizi goti lake la kushoto limevimba. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka namtazama akichechemea na dumu kichwani, na sikuweza kutulia.

Sitaki kujifanya kwamba ilikuwa huruma tupu. Kukaa kulikuwa kunanishinda. Nikikaa mikono mitupu, kitu kilikuwa kinapanda kutoka tumboni kinakuja kooni, nami nilikuwa sikitaki. Nilipewa kikombe cha chai, nikanywa, nikainuka nikioshe. Nikaambiwa kaa. Nikainuka tena nikunje mikeka. Nikaambiwa kaa. Siku ya pili nikashika simu, nikampigia dereva wa toyo, zile pikipiki za matairi matatu za kubebea mizigo, nikamwagiza alete maji madumu ishirini kesho asubuhi.

Siku ya tatu, wanawake walipokuwa wamekwenda lamboni, toyo likaja. Nilijifunga khanga kiunoni, nikakunja mikono ya gauni, nikamsaidia dereva kumimina. Mapipa yote mawili yalijaa mpaka juu, na masufuria, na ndoo zote. Nilikuwa nimeshashika mwiko nikoroge uji wakati mstari ule ulipotokea njiani. Niliona fahari, nikiri. Nilijiona nimefanya jambo la mtu mwenye akili.

Mama mkubwa alifika kwenye pipa, akachungulia. Akauliza, "Haya maji ni ya nani?"

"Ni yangu, mama mkubwa," nikasema. "Nimeona mnachoka. Leo pumzikeni."

Alitua dumu lake, akafungua kifuniko, akaliinamisha kwenye shina la mchungwa ulio karibu na jiko. Maji yalitoka kwa kwikwi mpaka yakaisha. Wa pili akafanya vilevile, na wa tatu, na wote waliobaki. Handeni, mwaka usio na maji, walimwaga maji waliyoyabeba saa nzima na zaidi, bila mtu kuinua sauti. Walipomaliza, mama mkubwa akajipangusa mikono kwenye khanga na kusema, "Haya, tumepumzika." Wakaenda zao.

Nilibaki na mwiko wangu. Mama, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajasema maneno kumi, alinitazama kutoka mlangoni.

"Umewafukuza," akasema.

"Mama, nimewasaidia."

"Umewafukuza. Mfiwa hashiki dumu. Hilo nalo limekutoka kichwani huko Mombo?"

Halikuwa limenitoka. Nililijua tangu utotoni, kama nilivyoijua kanuni ya "did". Kwetu, kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya shamba, mwenye shamba ndiye wa kwanza kushika jembe na wa mwisho kuliweka, na asiposhika watu watamcheka. Kwenye msiba ni kinyume. Mwenye msiba hashiki kitu. Hapiki, hachoti maji, hafagii, hata chakula analetewa mkononi. Akishika, amewaambia waliokuja kwamba hawatoshi. Na aliyeambiwa hatoshi hatarudi kukuuliza kama ulimaanisha. Atakususia, na siku ukizidiwa utajizika mwenyewe.

Mimi nilikuwa narudi Mombo baada ya siku nne. Mama alikuwa anabaki. Tena alikuwa ameshaingia eda, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, na mjane wa eda haendi lamboni. Hawezi hata kwenda kuomba radhi kwa jirani. Kuanzia siku ile mlango wake ungefunguliwa na watu wale waliomwaga maji, au usingefunguliwa na mtu. Nilimwambia aje akae kwangu. Akaniambia eda haihamishwi kwenye toyo.

Hitima ya siku ile walihudhuria wanaume na bibi wawili waliokuwa hawaoni vizuri. Uji wangu ulibaki.

Nikarudi kazini. Maji nilipanga, toyo lilikuwa linafika kila Jumatatu. Jioni nilikuwa nampigia mama simu.

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Watu je? Kuna aliyekuja?"

"Maji yapo, mwanangu."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila siku. Mara moja nikamwambia kwamba nitazungumza nao, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki, akakata simu. Nikawa na hasira na wale wanawake wiki mbili nzima. Niliwaita wenye roho mbaya, mbele ya kioo, nikichana nywele. Ndivyo nilivyo, kosa langu huwa nalitafutia mtu mwingine wa kulivaa.

Wiki ya tatu tulirudia somo la vitenzi visaidizi kwa sababu jaribio lilikuwa karibu. Nikagawa madaftari, nikaandikisha swali, nikapita katikati ya madawati. "Did you went?" "Did she came?" Nilisimama nyuma ya darasa nikiwa nimechoka hata kuvua miwani. Nikasema tu, kwa upole ambao uliwatisha, kwamba kitenzi kikuu kinatakiwa kubaki kitupu.

Kuna msichana mmoja wa familia ya wafugaji, anakaa karibu na dirisha, hasemi mpaka aulizwe. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini kiachwe kitupu? Kimekosa nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo swali nililokuwa nalikwepa miaka kumi na mitatu. Niliandika ubaoni sentensi ya Kiswahili, "Nilikuwa ninasoma," nikawaonyesha. Kitenzi kisaidizi kina "ni" yake na kitenzi kikuu kina "ni" yake. Kwetu msaidizi na mwenye kazi wote wanashika. Ni msaragambo. Ndiyo maana mnaandika "did" halafu mnaandika "went", nikawaambia, si kwamba ninyi ni wajinga, mnaona aibu kumwacha mtu amekaa wakati wengine wanabeba. Hilo nililijua palepale, wakati naliandika. Wala sijalisoma mahali.

"Lakini 'did' si msaragambo," nikasema. "'Did' ni msiba. Hicho kitenzi kikuu hakijakosa kitu. Kimefiwa. 'Did' imekuja kubeba, na kinachotakiwa ni kukaa, kitaje jina lake tu. Kikishika na chenyewe, kimemtukana aliyekuja."

Wengi wa wanafunzi walijua kwa nini sikuwepo mwanzoni mwa mwezi. Kisha wakainama kuandika, na nilipopita tena niliona "go", "come", "eat", mstari baada ya mstari. Si wote. Kuna mmoja aliandika "Did you gone", na huyo nadhani ataandika hivyo mpaka azeeke.

Yule msichana akanyoosha mkono tena. "Na msaidizi asipokuwepo?"

"Kinabeba chenyewe," nikasema, nikaandika "He went." "Hapo wakati uliopita wote uko juu yake."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Nikabaki natazama neno nililoliandika. Nilimwona mama ndani ya nyumba, na mapipa yake mawili yaliyojaa, hana mtu wa kumwambia kwamba baba alikuwa anauita mchungwa ule wa karibu na jiko mchoyo. Nikawaambia wanafunzi waendelee na zoezi, nikatoka nje kidogo, nikasimama upande wa mkonge mpaka kengele.

Jumamosi nilikwenda Kwedizinga. Sikuanzia kwa mama. Wanasema mkono mtupu haulambwi, na ukimwendea mtu mzima uliyemkosea unabeba angalau sukari. Mimi nilibeba dumu tupu. Nilikuwa nimefikiri njia nzima tangu Korogwe, na kila zawadi niliyoifikiria niliiona inafanana na toyo.

Mama mkubwa alikuwa uani kwake anapeta mahindi kwenye ungo, goti lake limenyooshwa juu ya gunia. "Shikamoo, mama mkubwa," nikasema, nikapiga magoti.

"Marahaba." Aliendelea kupeta. "Toyo lako limepata pancha?"

"Hapana."

"Limeishiwa mafuta?"

"Hapana, mama mkubwa. Nimekuja kuomba maji."

Akatazama dumu, akanitazama mimi. "Mapipa ya kwenu yamejaa. Nimeyaona."

"Yamejaa," nikasema. "Lakini hakuna anayeyanywa na mama."

Aliweka ungo chini, mahindi mengine yakaanguka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuyaokota. Akaupiga, si kwa nguvu, kama anavyofukuzwa kuku.

"Unaona?" akasema. "Unaona ulivyo? Mtu hawezi kuangusha punje mbele yako."

Nikarudisha mkono mapajani. Nikamwambia kwamba nilikosea. Nikamwambia niliogopa kukaa, kwamba nilipokuwa nakaa nilihisi nitapasuka, na nikaona heri nishike kitu. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Aliokota punje moja moja mpaka zikaisha, na mimi nikakaa pale nikimtazama mtu mwenye goti bovu akiinama. Ni kazi ngumu sana, jaribu uone.

"Baba yako alinichimbia kaburi la mume wangu," akasema mwisho. "Yeye na wenzake. Mimi nilikaa kwenye mkeka, sikugusa hata kijiko. Nikajisemea, zamu yake ikifika na mimi nitambebea. Ikafika. Wewe ukaniambia nipumzike."

Nilisema tu, "Mama anasema maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki," akasema. "Lakini lambo lipo. Yanatekwa mengine." Akavuta dumu langu karibu yake, akalitikisa kuona kama ni tupu kweli. "Tutakuja arobaini. Lakini wewe utakaa. Ukinyanyuka, na mimi nanyanyuka naenda kwangu."

Arobaini ya baba iliangukia Jumamosi. Nilikuwa nimewasili Ijumaa na kumwambia dereva wa toyo asije tena. Asubuhi mapipa yalikuwa nusu, na njia ilikuwa tupu, na mama alikuwa ndani kitandani na tasbihi yake. Nilikaa kwenye mkeka uani. Jua lilipanda mpaka likavuka paa la jiko. Nilitamani kwenda kuchungulia njiani, nikajizuia.

Kisha nikasikia dumu linatuliwa. Halafu jingine. Mama alikuwa anawahesabu kwa masikio kutoka ndani, akimtaja kila mmoja kwa mkohozi wake na hatua zake, na sauti yake ilikuwa inapanda kidogo kidogo kwa kila aliyefika. Alipofika wa kumi na moja akacheka. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu baba alipoondoka. Mlango ukafunguliwa, wakaingia, na ndani kukawa na kelele za watu wanaosalimiana Kizigua kwa pamoja.

Mama mkubwa alikuja na dumu langu, limejaa, akalitua mbele ya mkeka wangu ambapo ningeliona vizuri. Akaenda jikoni. Mwiko ulikuwa wake, moto ulikuwa wake. Mtu alinipa kikombe cha chai. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi. Nilinyoosha pindo la mkeka, nikalinyoosha tena, mpaka hapakuwa na la kunyoosha. Mbele yangu wanawake walikuwa wanapita na kuni, na sahani, na unga, na hakuna aliyeniita.

Mimi nimebeba. Wewe nenda tu.

Kile kitu kikapanda kutoka tumboni, na safari hii sikuwa na dumu wala mwiko wa kukizuia. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyeachwa barabarani, siku arobaini baada ya watu wengine. Hakuna aliyekuja kuninyamazisha. Mama mkubwa alipita tu, akakitoa kikombe mkononi mwangu ili chai isinimwagikie, akaendelea na kazi.